Chui Tuliyempa Baba

Siku ya pili ya msiba wa baba nilikuwa nimesimama nyuma ya dirisha la jikoni, nyumbani kwetu Ibra, dele la kahawa mkononi, nikamsikia mzee mmoja akisema kwa Kiarabu kwamba marehemu alikuwa mtu jasiri. Jiko letu limepakana na sabla, ile baraza ya wanaume, na baina yao pana dirisha dogo la mbao ambalo halikufungika vizuri tangu nyumba ilipojengwa. Kwa dirisha hilo nimejua habari zote za mji bila ya kukaribishwa na mtu. "Alisimama na chui milia kule India," alisema yule mzee. "Baina yao hatua kumi. Chui akamtazama, naye akamtazama. Hakupepesa." Wenzake wakasema mashaallah. Kisha nikasikia sauti ya kaka yangu Hamed, mhandisi, mtu wa vipimo: "Saba, ami. Baba mwenyewe aliniambia ni hatua saba." Kahawa ikanimwagikia kidoleni. Wanawake waliokuwa wakipanga tende kwenye sinia walidhani uchungu umenizidi, na mmoja akaja kunishika bega. Uchungu nilikuwa nao, wallahi, lakini si huo walioudhani. Baba yangu hakumwona chui yule. Asubuhi alipotokea, baba alikuwa amelala, kajifunika blanketi mpaka masikioni. Waliomwona ni bibi, mama yake baba, na mimi. Mwaka ule nataka kuueleza kama ulivyokuwa, na nitaueleza kwa Kiswahili, lugha ya bibi, ambayo baba hakupenda tuiseme mbele ya wageni.

Ulikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nina miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza skuli na nimepata nafasi ya kusomea ualimu Nizwa. Habari njema ile ilikuja na karatasi moja, na chini ya karatasi palikuwa na mstari mtupu ambapo mlezi anatakiwa atie saini. Karatasi ikawekwa juu ya friji, chini ya kopo la hiliki, ikakaa hapo. Kila nikipita kuchukua maji naitazama, kila baba akipita hatazami. Miaka miwili kabla, Hamed alipokwenda Uingereza kusoma, baba alizitia saini karatasi zake juu ya boneti ya gari, injini inawaka. Nizwa ni mwendo wa saa mbili kutoka Ibra kwa gari, lakini ilipofika zamu yangu ikageuka kuwa ng'ambo. "Nani atakuwa na wewe huko?" aliniuliza. Nikamwambia tutakaa bweni, wasichana watupu, na mlango una bawabu. "Bweni," akasema, kama mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai. "Nyumba ya wasichana wasio na baba." Bibi alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele, kaukurubisha usoni kwa sababu jicho moja lilikwisha kufunikwa na mtoto wa jicho na la pili lilikuwa njiani. "Mwache mtoto akasome," akasema. Baba akamjibu kwa Kiarabu, kama desturi yao, yeye Kiarabu na bibi Kiswahili, na kila mmoja akimwelewa mwenzake barabara. "Mama, hii si Tabora." "Tabora nilikuwa na miaka saba," bibi akasema, "nakwenda kisimani peke yangu, na fisi nyuma yangu. Hakuniuliza nani atakuwa na mimi." Ami Khalfan, mdogo wake baba, alicheka mpaka akapaliwa. Baba hakucheka. Alisema neno la Nizwa tutalizungumza tukirudi kutoka India.

India tulikwenda kwa ajili ya jicho la bibi, kama watu wengi wa kwetu walivyokuwa wakienda. Lakini chui alikuwa wa baba. Baba aliletwa Oman kutoka Afrika angali mtoto wa mgongoni, hakumbuki mti wala mtu wa bara, na hata hivyo katika sabla watu walipotaka kumchokoza walimwita Mzinjibari, kama walivyowaita wote waliotoka Afrika, na kumwambia, "Hebu tupe habari za simba wa kwenu." Yeye hakuwa na simba wa kuwapa. Nilikuwa nikimsikia dirishani akibadilisha mazungumzo, akiuliza bei za ng'ombe, akiita kahawa. Aliposikia kwamba safari ya siku moja tu kwa treni kutoka hospitali ya bibi ipo hifadhi yenye chui milia, mnyama ambaye hata hao wa Afrika hawamjui, alitangaza sabla nzima kwamba atakwenda kumwona. Alilisema mara nyingi mno. Mtu akisema neno kiasi hicho hawezi tena kurudi mikono mitupu.

Tulikuwa watu watano: baba, mama, Ami Khalfan, bibi na mimi. Bibi alitoka hospitali na jicho jipya, miwani nyeusi na chupa ya dawa ambayo nilimtia mara nne kwa siku. Daktari alimkataza vumbi, kuinama na kulia. "Kulia nitajitahidi," bibi akasema. Vyumba vya kambi vilikuwa vya matofali mekundu, vimepangwa mstari chini ya misaji, na blanketi nzito zenye harufu ya moshi wa kuni. Tausi walipiga kelele juu ya mapaa kama watoto wanaogombana. Chakula tulikula pamoja kwenye meza ndefu, wali na dengu na viazi vyekundu kwa pilipili, na bibi akitoa kisirisiri kutoka mkobani papa mkavu wa Ashkhara, kamfunga kwa tabaka tatu za mifuko, na bado meza nzima inajua. Mama akifunika pua. "Mama, watu wanatutazama." "Watutazame," bibi akajibu. "Wao wana yao ya pilipili, mimi nina yangu ya samaki."

Na kila alfajiri, kabla ya gari kufika, mama aliwasha chetezo. Asiyekulia kwetu labda hatafahamu. Mtu wa kwetu hatoki mlangoni bila kufukiza nguo, na akienda ugenini ndiyo zaidi, kwa sababu anabeba jina la nyumba nzima. Mama alibeba kutoka Ibra udi alioununua soko la wanawake, lile la Jumatano, udi wa arusi hasa. Alizitandaza nguo juu ya chetezo moja moja, abaya zetu, kanzu za wanaume, mitandio, hata soksi. Baba alichovya kishada cha shingoni mwa kanzu yake katika attari, kisha akapaka nyuma ya masikio, kisha akampaka Ami Khalfan. Tukaingia katika magari mawili ya wazi, wanaume la mbele na wanawake la nyuma, tukasonga mbele katika pori kama jahazi la manukato. Siku ya kwanza tuliona swala wenye madoa, wakikimbia. Siku ya pili tuliona nguruwe mwitu, makalio yake tu. Siku ya tatu hatukuona hata nguruwe. Mwongozaji wetu, mtu mwembamba aliyejizonga skafu ya sufi, alipiga chafya kutoka langoni mpaka mtoni na kutoka mtoni mpaka langoni. Magari yaliposimama, alimvuta Ami Khalfan kando, maana Ami Khalfan alikijua Kihindi cha biashara, akamwambia maneno kwa upole mkubwa, mikono kaishika kifuani. Ami akarudi uso umemwiva kwa kicheko. "Anasema tunanukia kama arusi. Anasema wanyama wote wameupata mwaliko wetu tangu mbali, wameona haya kuja bila ya zawadi."

Sijui mpaka leo kama chui anajali udi. Nimewahi kumuuliza mtaalamu mmoja, akaniambia chui wa hifadhi amezoea magari na watu na harufu zao zote. Inawezekana tulikuwa na bahati mbaya tu. Lakini namkumbuka baba alivyosimama pale, kanzu yake nyeupe imepigwa vumbi, akamwambia Ami, "Mfahamishe kwamba sisi tukitoka nyumbani hutoka watu safi." Na bibi, kwenye gari letu la nyuma, akasema taratibu, "Mimi nilijua tangu juzi. Porini mtu hendi na harufu. Baba yangu akienda kuwinda hata mafuta ya kichwani hapaki." Baba akageuka. "Mbona hukusema, mama?" "Umeniuliza lini habari za pori?" bibi akasema. "Si wewe uliyeniambia kule Ibra nisizitaje?"

Jioni ile mezani baba hakula. Aliugeuza geuza wali, akasema kesho hatutoki, safari imekwisha, khalas. Ami Khalfan akakumbusha kwamba gari la asubuhi limekwisha kuwekwa kwa jina letu. Baba akasema liende tupu. Kisha akanitazama mimi, ambaye sikuwa nimesema neno, na akasema kama mtu anayefagia chumba chote kwa mara moja, "Na habari ya Nizwa pia khalas. Nimefikiri. Utakaa nyumbani." Mama akatazama sahani yake. Mimi nilikuwa nimeshika kipande cha chapati, na nakumbuka nilikirudisha mezani polepole sana, kikae pale pale nilipokitoa, kwa kuwa niliogopa mkono wangu ungefanya nini. Bibi alikuwa kavaa miwani nyeusi na sikuweza kuyaona macho yake. Alimaliza papa wake, akalamba vidole, akaniita nimsaidie kuoga.

Katika bafu alinipa kipande cha sabuni ya kufulia alichoomba kwa wapishi. "Jisugue na nywele pia," akasema. "Abaya yako iache msumarini, ina udi wa miaka mitatu." Kutoka chini ya mkoba, chini ya wale papa, akatoa jozi mbili za kanga mpya, zimenyooka kwa wanga, zina harufu ya duka na si ya kitu kingine. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba gari la asubuhi halitakwenda tupu. Nikamwambia, "Bibi, baba atatuua." "Baba yako nilimzaa mimi," akasema, "kaanza kunitisha juzi juzi tu." Kule Ibra baba alimkataza bibi kutoka nje kwa kanga, watu wasije wakasema. Sasa mama yake na binti yake wangetoka kwa kanga, peke yao, mbele ya wanaume wawili wa kigeni, katika nchi ya watu. Tuliswali alfajiri, tukangoja wanaume warudi kulala kama ilivyokuwa ada yao nyumbani, na kabla jua halijachomoza tukapanda gari. Mwongozaji alitunusa, wallahi, alitusogelea akanusa, kisha akatabasamu na kumpa bibi skafu yake azibe vumbi.

Hapakuwa na wa kufasiri. Bibi hakujua Kihindi, mwongozaji hakujua Kiswahili, na sijapata kuona watu wawili waliofahamiana kama wale. Bibi alionesha nyayo kwenye mchanga, mwongozaji akakubali kwa kichwa, mwongozaji akaonesha mti uliochanwa makucha, bibi akasema "enhe." Karibu na kijito chenye mianzi bibi aliinua mkono na dereva akasimama. Juu ya mti kima mmoja alikohoa, kwa sauti kavu ya kuonya. Tukangoja. Dereva akataka kuondoka, bibi akakishika kiti chake kwa nyuma, akamtikisia kidole. Tukangoja tena, mpaka miguu yangu ikafa ganzi, na katika kungoja kule nikahisi jambo ambalo sikuwahi kulihisi: hakuna hata mtu mmoja duniani aliyejua nilipo isipokuwa wale niliokuwa nao, na sikuogopa. Ndipo majani yakafunguka akatoka. Alikuwa umbali wa hatua thelathini, nilizihesabu kwa macho, na nimezihesabu tena mara nyingi. Rangi yake ilikuwa nzito kuliko picha yoyote, na mabega yalipanda na kushuka kwa zamu, hana haraka. Bibi akavua miwani. Chui hakututazama hata kidogo. Hapo ndipo hadithi ya sabla inapoongopa zaidi kuliko penginepo. Chui yule hakumtazama mtu. Alikwenda kwenye mti, akageuka, akainua mkia, akaunyunyizia mkojo kwa nguvu, harufu ikatufikia kali kama wali ulioungua. "Naye anajifukiza," bibi akanong'ona, na jicho lake jipya likajaa machozi aliyokatazwa. Kisha chui akavuka njia, akaingia kwenye mianzi, na mianzi ikajifunga nyuma yake.

Baba alikuwa kwenye ukumbi wa nje tuliporudi, kanzu imekunjamana, hana kofia. Aliziona kanga kabla ya kuziona nyuso. "Nani amekupeni ruhusa?" Sauti yake iliwatoa watu vyumbani. "Mama! Kwa nguo hizi? Na mtoto wa kike?" Bibi alishuka kwa kuniegemea, akakaa kwenye kiti cha kamba, akaomba chai. Baba akasema kuhusu haya, kuhusu jina, kuhusu vumbi na jicho. Bibi akapuliza chai. Alipokwishiwa na maneno, baba akainama na kuuliza kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, ambacho sikumbuki kumsikia akikisema hata siku moja, "Mmemwona?" "Nani?" "Mama. Mmemwona?" Bibi akaweka kikombe. "Karatasi ya mtoto iko wapi?" Baba akanyooka kama aliyechomwa sindano. "Tukifika, utie saini kwanza," bibi akasema. "Ukitia, nitakueleza. Usipotia, nitakwenda na huyo chui kaburini."

Hakukubali. Alitunyamazia ndani ya treni, katika ndege, na njia yote kutoka uwanja wa ndege mpaka Ibra. Ami Khalfan alijaribu kunihonga kwa peremende. Mama alinitazama tu, na mara moja, akinisuka nywele, akanibana sikio akasema, "Mkaze uzi." Siku ya pili baada ya kurudi, sabla ikajaa. Bibi na mimi tulikuwa jikoni, tukasikia salamu, tukasikia vikombe, kisha sauti niliyokuwa nikiingoja: "Haya, Mzinjibari, huyo chui umemwona?" Nilimsikia baba akivuta pumzi. "Habari yake ndefu," akasema. "Kesho nitakuhadithieni." Watu walipoondoka aliingia jikoni. Aliliondoa kopo la hiliki, akachukua karatasi, akaiweka juu ya pipa la mchele akatia saini, kalamu ikatoboa kidogo. Kisha akakaa chini kwenye mkeka, mahali ambapo sijamwona akikaa kabla wala baada, akasema, "Haya, mama. Nambie."

Bibi akamwambia yote, kwa Kiswahili, naye akauliza kwa Kiswahili kama mtoto: mkia urefu gani, alitokea upande gani, mlisikia nini kwanza. Alikuwa mzuri wakati ule, baba yangu. Namkumbuka hivyo na kumpenda hivyo. Kisha akauliza, "Na mimi nilikaa wapi?" Bibi alinitazama. "Mbele," akasema, "karibu na dereva." "Hatua ngapi?" "Thelathini." "Kumi," baba akasema. "Haya, chukua kumi." Akainuka, na mlangoni akanigeukia. "Wewe ulibaki kambini na mama yako. Umesikia?" Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, wino haujakauka. Nikasema, "Nimesikia, baba."

Nilisikia, na nilitimiza. Nimesomesha Nizwa, nimesomesha Al Hamra, nimeandika vitabu, na kwa miaka yote hiyo nimekaa nyuma ya dirisha hili nikimsikia chui akikaribia hatua moja moja, kumi, tisa, nane, na sikufungua mdomo. Bibi alikufa hakuvunja ahadi. Yalikuwa makubaliano ya haki na sikuwahi kuyajutia. Lakini nilikubaliana na baba, sikukubaliana na Hamed, wala na sabla, wala na wale watakaokuja kuwahadithia wajukuu zetu kwamba wanawake wa nyumba ile walibaki kambini. Mkataba ulikuwa na watu watatu. Wawili wako chini ya udongo, na aliyebaki ni mimi.

Nililiweka dele chini. Mama, aliyekuwa amekaa eda katika chumba cha ndani na mlango wake wazi, aliniona nikilishika lile dirisha la mbao, akatikisa kichwa, na sikujua kama ananizuia au ananiambia haya, sema. Kule sablani yule mzee alikuwa akirudia kwa waliochelewa kufika: chui akamtazama, naye akamtazama, hatua saba. Ami Khalfan, mzee sasa, alikuwa akikohoa kikohozi cha mtu anayejua. Nikalisukuma dirisha mpaka likagonga ukuta.

"Thelathini," nikasema.

Nyuso zote zikageukia ukutani, mahali ambapo kwa miaka yote zilipita sauti zao tu kuja kwetu.

"Nani huyo?" Hamed akauliza.

"Mimi," nikasema. "Niliyekuwepo."